Baridi Haiui Vijidudu: Ngozi ya Mafuta ya Bakteria na Chakula cha Mtoto

Kama uji uko motoni, punguza moto kidogo na usogee karibu na redio, kwa maana leo tunazungumza juu ya hicho chakula kilicho jikoni mwako.

Kuna swali ambalo wahudumu wa afya huulizwa mara nyingi na akina mama: "Chakula cha mtoto nilikiweka kwenye friji. Mbona sasa anahara?" Wengine wasio na friji husema, "Huku kwetu ni baridi, chakula hakiwezi kuharibika usiku mmoja." Maswali haya mawili yana jibu moja. Na jibu hilo limejificha mahali ambapo hatujazoea kutazama, yaani katika mafuta yaliyo kwenye ngozi ya bakteria.

Usiogope jambo hili, mama. Halihitaji shule kubwa. Wewe unayepika kila siku tayari unajua nusu ya somo hili.

Fikiria mafuta unayotumia jikoni. Asubuhi ya baridi kule Limuru au Nyandarua, mafuta ya mgando huwa magumu hata kijiko kinapata taabu kuyachota. Mafuta ya nazi yakitolewa Mombasa yakiwa maji, yakifika kule juu yanaganda ndani ya chupa. Lakini mafuta ya alizeti au ya mahindi yanaendelea kumiminika hata kukiwa na baridi. Kwa nini?

Mafuta yote yana vipande vyembamba sana viitwavyo asidi za mafuta. Vichukulie kama kuni. Ukipata kuni zilizonyooka, unazipanga zikashikana, ukafunga mzigo mmoja mgumu. Ukipata kuni zilizopinda, hazishikani vizuri. Zinaacha nafasi katikati, na mzigo unalegea. Ndivyo ilivyo katika mafuta. Mafuta ya mgando yana asidi nyingi zilizonyooka, basi zinashikana na kuwa ngumu. Mafuta ya alizeti yana nyingi zilizopinda, basi yanabaki laini na kumiminika.

Sasa twende kwa bakteria. Bakteria ni kijidudu kidogo sana. Yule aitwaye E. coli, ambaye hukaa tumboni na ambaye aina zake nyingine huwaharisha watoto, ni mdogo kiasi kwamba ukipanga kama 500 kwenye mstari mmoja, watafikisha urefu wa milimita moja tu. Mwili wake umezungukwa na utando mwembamba, na sehemu kubwa ya utando huo ni mafuta. Sisi leo tutauita ngozi yake.

Ngozi hiyo ndiyo mlango wa nyumba yake. Chakula hupitia hapo kuingia, na taka hupitia hapo kutoka. Ndiyo inayozuia maji na chumvi za ndani zisimwagike. Kwa hivyo haifai kuwa ngumu mno, wala kuwa laini mno. Ikiwa ngumu kama mafuta ya mgando asubuhi ya baridi, milango inakwama na bakteria hawezi kula wala kukua. Ikilegea kupita kiasi, inavuja, naye anakufa.

Basi wewe unamweka kwenye baridi. Unadhani umemweza. Lakini yeye anafanya jambo la ajabu: anabadilisha mafuta ya ngozi yake. Anatengeneza asidi nyingi zaidi zilizopinda, na kupunguza zilizonyooka, ili ngozi isigande. Ni kama mpishi aliyeona mafuta ya mgando yanamsumbua kwa baridi akahamia mafuta ya alizeti. Joto likirudi, anageuza tena: asidi zilizonyooka zinaongezeka, ngozi inakazika.

Jambo hili si hadithi. Mwaka wa 1962 watafiti wawili huko California, Marekani, Marr na Ingraham, waliwakuza E. coli katika viwango mbalimbali vya joto, kisha wakapima mafuta yao. Waliona kwamba kadiri joto lilivyoshuka, ndivyo asidi zilizopinda zilivyozidi. Tangu hapo wataalamu wengi wameona tabia ya namna hiyo katika bakteria wa aina nyingi.

Mama, hapo ndipo tunapata funzo letu la kwanza. Baridi haiui vijidudu. Baridi huvichelewesha tu.

Hebu tuone jinsi vinavyochelewa. Katika chakula kilicho vuguvugu, E. coli mmoja anaweza kugawanyika kuwa wawili kwa muda wa dakika kama 20. Hesabu pamoja nami. Baada ya saa moja, mmoja amekuwa 8. Baada ya saa mbili, 64. Baada ya saa nne, zaidi ya 4,000. Baada ya saa sita, zaidi ya 260,000. Huyo alikuwa mmoja tu aliyebaki kwenye mwiko au kwenye kikombe. Sasa fikiria uji uliopikwa saa kumi na mbili asubuhi, ukaachwa mezani ukiwa vuguvugu, mtoto akapewa tena saa sita mchana.

Chini ya nyuzi 5 za joto, ambacho ndicho kiwango cha friji inayofanya kazi vizuri, bakteria wengi wanaoharisha huacha kuongezeka, au huongezeka polepole mno. Lakini hawajafa. Wamelala. Hata ndani ya barafu wengi hubaki hai. Ukitoa chakula nje, kikapata joto, wanaamka na kuanza kugawanyika tena. Stima ikipotea usiku kucha, friji inageuka kuwa kabati tu, nao wanaamka vilevile.

Tena kuna mmoja ambaye halali kabisa. Jina lake ni Listeria. Huyu hutumia ujanja wa namna yake: anafupisha asidi za mafuta za ngozi yake, na nyingi zake zina tawi pembeni kama kijiti chenye panda. Vijiti vifupi vyenye panda havishikani vizuri, basi ngozi yake inabaki laini hata kwenye baridi ya friji. Kwa hivyo yeye anaendelea kukua humo humo, polepole, siku baada ya siku.

Kwa mtu mzima mwenye nguvu, Listeria anaweza kuleta homa ndogo na kuumwa tumbo. Lakini kwa mama mjamzito ni hatari kubwa. Mama anaweza kupata homa na maumivu ya mwili kama ya mafua tu, kumbe kijidudu kimepita hadi kwa mtoto aliye tumboni. Mimba inaweza kutoka, au mtoto akazaliwa amefariki, au akazaliwa akiwa mgonjwa sana. Mwaka wa 2017 na 2018, nchi ya Afrika Kusini ilipata mlipuko wa ugonjwa huu ambao ni mkubwa kuliko wowote uliowahi kuandikwa duniani. Zaidi ya watu 1,000 waliugua, na zaidi ya 200 wakafa. Karibu wanne kati ya kila wagonjwa kumi walikuwa watoto wachanga wa siku 28 au chini. Uchunguzi ulionyesha kwamba ugonjwa ulitoka katika poloni, ile nyama ya kusagwa iliyo tayari kuliwa, ambayo watu huitoa kwenye friji na kuila bila kuipasha moto.

Kwa hivyo, mama mjamzito, usile poloni wala soseji iliyotolewa tu kwenye friji. Ipashe mpaka itoe mvuke. Usinywe maziwa ambayo hayajachemshwa wala kupitishwa kwenye joto la kiwandani. Na ukipata homa ukiwa mjamzito, nenda kliniki siku hiyo hiyo, usingoje.

Sasa utauliza, "Kama baridi haiui, ni nini kinachoua?" Jibu ni moto. Bakteria anaweza kubadilisha mafuta ya ngozi yake ili avumilie joto kidogo, lakini ana kikomo. Joto la chakula likifika nyuzi 70, ngozi inaharibika na kuvuja. Ndani, protini zake zinaganda kama ute wa yai kwenye kikaango, na yai likishaiva halirudi kuwa bichi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hutushauri tupike chakula mpaka kifike nyuzi 70 hadi ndani kabisa. Huna kipimo? Usijali. Mchuzi na uji vichemke na kutoa mapovu. Nyama na kuku viive mpaka maji yake yawe meupe, yasiwe na rangi ya damu. Kiporo kipashwe mpaka katikati kitoe mvuke mwingi, ukikikoroga ili moto ufike kila upande. Kupasha mpaka kiwe vuguvugu ni kuwaamsha wale waliolala.

Lakini sikiliza vizuri hapa, mama, maana kuna mtego. Bakteria wengine, kabla hujapasha chakula, wameshamwaga sumu ndani yake. Moto unaua bakteria, lakini sumu nyingine haziharibiki kwa moto wa jikoni. Wengine hujifunga ndani ya mbegu ngumu zinazostahimili hata maji yanayochemka. Mmoja wa aina hiyo hupenda sana wali uliopoa polepole ndani ya sufuria kubwa. Ndiyo sababu wali uliolala mezani usiku kucha haupaswi kupewa mtoto, hata ukiupasha vipi. Moto hauwezi kusafisha kilichoharibika jana.

Tumesema moto. Silaha ya pili ni sabuni. Na hapa pia siri ni mafuta. Sabuni yenyewe imetengenezwa kwa asidi za mafuta zilizochanganywa na magadi makali. Kila chembe ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Ukisugua mikono, ile mikia inashika mafuta na uchafu ulio kwenye ngozi yako, pamoja na vijidudu vilivyonaswa humo. Vijidudu vingine vyenye ngozi nyepesi ya mafuta hupasuka. Vilivyobaki vinang'olewa na kubebwa na maji. Maji matupu hayafanyi hivyo, kama vile maji matupu yasivyotoa mafuta kwenye sahani. Kwa hivyo osha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kupika, kabla ya kumlisha mtoto, baada ya kutoka chooni, na baada ya kumbadilisha mtoto nepi. Sugua kwa muda wa sekunde 20, katikati ya vidole na chini ya kucha pia.

Silaha ya tatu, mama, unayo mwenyewe, wala hainunuliwi. Ni maziwa ya titi. Tunajua kwamba maziwa ya mama yana kinga. Lakini wengi hawajui kwamba hata mafuta yake hufanya kazi. Mtoto anyonyapo, mafuta hayo huvunjwa tumboni mwake, yakatoa asidi za mafuta ambazo hujipenyeza kwenye ngozi ya vijidudu kadhaa na kuitoboa. Ni mafuta kupigana na mafuta. Basi mpe mtoto titi pekee kwa miezi 6 ya kwanza, bila maji, bila uji, bila chai. Baada ya hapo mwanzishie chakula kingine, ukiendelea kumnyonyesha mpaka afike miaka 2 au zaidi.

Lakini tusielewane vibaya. Mtu asikuambie kwamba, kwa sababu asidi za mafuta huua vijidudu, basi umnyweshe mtoto mchanga mafuta ya nazi, au umpake mafuta kwenye kitovu au kwenye kidonda. Hapana. Yale yanayotokea ndani ya tumbo la mtoto anayenyonya si sawa na mafuta ya chupani. Kitovu na vidonda vitunzwe kama ulivyoelekezwa kliniki.

Sasa, tufanye nini nyumbani?

Kama huna friji, usijione mnyonge. Wengi wetu hatuna. Pika kiasi kitakachoisha. Mpe mtoto chakula mara tu kinapopoa kiasi cha kulika. Chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili. Sehemu za joto kali kama Garissa, Lodwar na Pwani, usivuke saa moja. Ukitaka uji wa saa nne, umimine ukiwa unachemka ndani ya chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji moto, na uufunge. Wakati wa kumpa ukikuta umeshakuwa vuguvugu, huo umeshapita. Mabaki yaliyo kwenye kikombe cha mtoto, ambayo mate yake yameingia, usiyahifadhi. Ni afadhali kumwaga vijiko vitatu vya uji kuliko kulala hospitali siku tatu.

Kama una friji, usiifanye mganga wa chakula. Chakula kikiacha kutoa mvuke mwingi, kigawe katika vyombo vidogo, au weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi ili kipoe haraka, kisha kifunike na ukiweke ndani. Sufuria kubwa ya githeri yenye moto inachukua saa nyingi kupoa katikati, na humo katikati vijidudu vinafanya karamu. Nyama mbichi iwekwe chini, chakula kilichopikwa kiwe juu, ili maji ya nyama yasidondokee chakula. Pangusa rafu za friji kwa maji ya sabuni mara kwa mara. Usikijaze kipande chote hewa ikakosa njia. Na chakula cha mtoto kisikae humo siku nyingi.

Kwa wale ambao kwa sababu za kiafya wanatumia maziwa ya unga ya watoto, kumbuka kwamba unga huo una chakula kizuri lakini si lazima uwe hauna vijidudu kabisa. Chemsha maji, yaache kidogo, kisha uchanganye yakiwa bado na joto lisilopungua nyuzi 70, yaani kabla ya nusu saa kupita tangu yachemke. Poza chupa kwa kuishika chini ya maji baridi. Dondosha tone kwenye mkono wako uhakikishe halichomi, ndipo umpe mtoto. Usiyahifadhi kwenye chupa ya chai yakiwa vuguvugu. Hapo unavitandikia vijidudu kitanda.

Na kama mtoto ameshaanza kuhara, fanya hivi. Endelea kumnyonyesha, tena mara nyingi zaidi. Mpe maji ya ORS, ukichanganya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kwa kijiko au kikombe kidogo kidogo. Uliza kituo cha afya vidonge vya zinki, umpe kwa siku zote ulizoelekezwa hata kama kuhara kumekoma. Usimpe dawa za kuua bakteria ulizobakisha nyumbani au ulizonunua bila kuandikiwa. Kuhara kwingi kwa watoto huletwa na virusi, ambavyo dawa hizo haziviui. Mpeleke hospitali mara moja ukiona mojawapo ya dalili hizi: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, macho yamezama, amelegea au haamki vizuri, amepata degedege, au kuna damu kwenye choo chake. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, usisubiri dalili nyingi. Mpeleke tu.

Kabla hatujaagana, tukumbushane:

Kwanza, ngozi ya bakteria ni ya mafuta, naye anaweza kuyabadilisha ili aishi kwenye baridi. Kwa hivyo friji huchelewesha vijidudu, haiviui.

Pili, muda ndio adui. Chakula kisikae vuguvugu. Kiwe moto, au kiwe baridi, au kiwe kimeshaliwa.

Tatu, pasha mpaka kitoe mvuke hadi katikati. Lakini kilicholala mezani, kimwage.

Nne, sabuni na maji yanayotiririka, kila mara kabla ya kugusa chakula cha mtoto.

Tano, titi pekee kwa miezi 6 ya kwanza.

Mkiwa katika kikundi chenu cha akina mama, jadilianeni maswali haya: Chakula cha mtoto hukaa muda gani nje nyumbani kwako? Ni nani humlisha mtoto ukienda shambani au kazini, na je, amesikia mambo haya? Stima ikipotea usiku kucha, utafanya nini na chakula kilicho kwenye friji?

Swali la pili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Wewe umesikiliza leo, lakini huenda kijiko cha saa saba mchana kiko mkononi mwa dada, nyanya, au kaka mdogo. Mwambie leo kabla hamjalala: uji ukishakuwa vuguvugu na saa mbili zimepita, usimpe mtoto.

Watunze vizuri, nawe pia ujitunze. Tukutane tena wiki ijayo, saa kama hii. Kwaheri.